Mkamaji wa Alfajiri

Rafiki yangu Wanzala ni mtu wa usiku. Jogoo akiwika, yeye ndiyo kwanza anajifunika blanketi. Mkewe, Muhonja, ndiye hurauka kumkama ng'ombe.

Mwezi uliopita Muhonja alikwenda kwao Malinya kumuuguza mamake, akamwachia mumewe kazi hiyo. Alfajiri Wanzala akajikokota nje, giza bado limetanda, akipapasa ukuta kuelekea zizini. Kabla hajafika, akasikia maziwa yakigonga ndoo: chwii, chwii, chwii.

"Muhonja? Umerudi saa ngapi?"

"Rudi ulale, Baba Natasha," ikajibu sauti ya mkewe kutoka ndani, bila haraka. "Asubuhi huiwezangi."

Wanzala akacheka, akarudi kitandani akimshukuru Mungu kwa kumpa mke.

Kulipopambazuka, simu ikamwamsha. Alikuwa Muhonja.

"Umeshamkama huyo ng'ombe, ama bado unakoroma?"

"Uko wapi?"

"Si niko Malinya kwa mama! Ningekuwa wapi?" Nyuma yake mama mkwe alikuwa akikohoa.

Wanzala alilitupa blanketi kando. Alitoka, simu ingali sikioni. Mlango wa zizi ulikuwa umefungwa kwa nje, kamba na fundo lake mwenyewe la jana jioni. Akaufungua.

Hapakuwa na mtu. Ndoo ilikuwa imejaa, povu bado likipasuka. Naye ng'ombe alikuwa ametulia tuli, shingo ameigeuza nyuma, akiramba polepole hewa tupu juu ya kigoda, pale ambapo huwa pana bega la mtu aliyeketi.