Mwanaume wa Upande wa Kushoto

Onesmo alivua hedifoni taratibu, akaziweka mezani, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana mbeya: "Injinia, huyu mwanaume wa kushoto ni wewe?"

"Mwanaume gani?"

"Anayepumua. Shemeji anaongea katikati, huyu yuko kushoto, nyuma kidogo."

Mwinyimadi alitabasamu kwa adabu. Sauti ile aliirekodi mwenyewe, naye alikuwa amesimama mbele ya mkewe, maikrofoni mkononi. Kushoto palikuwa na ukuta.

Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, katika chumba kilicho juu ya duka la Onesmo la kutengeneza redio, pale Maili Moja. Wapenzi kumi na mmoja wa hedifoni, waliokuwa wakijuana kwenye wasapu tu, walikuwa wamekubaliana wakutane ana kwa ana, kila mtu aje na zake, wapokezane. Meza mbili zilijaa waya na amplifaya zenye vitaa vyekundu, na utani haukukatika.

"Hizo zako, Ponsiano, si za kusikilizia. Hizo ni za kukinga masikio na baridi!"

"Afadhali zangu. Zako zinapiga besi mpaka jino bovu linaitikia."

Kila mmoja alikuja na kipande anachokijua kuliko vyote, maana chombo kigeni hakipimwi kwa sauti ngeni. Wengine walileta taarabu, wengine dansi la zamani. Mwinyimadi alileta dakika nne na sekunde kumi na mbili za mkewe, Mwanamvua, akimenya mihogo.

Aliirekodi sebuleni kwao Visiga miaka mitatu nyuma, alipokuwa akijaribu maikrofoni mpya. "Nisemeje?" Mwanamvua aliuliza. "Sema chochote." Basi akasema habari za kuku wa jirani, akasema mihogo ya siku hizi ina nyuzi kama kamba, na mwisho akacheka: "Zima basi, umeshapata." Mwezi wa tatu mwaka huu alifariki. Simu yake ilipotea katika pilikapilika za msiba, na picha na sauti zake zote zikaenda nayo. Kilichobaki ni mihogo.

Mwinyimadi alizichukua hedifoni za Onesmo. Zilikuwa kubwa, zenye vikombe vya mbao, bora kuliko zote pale mezani. Akafumba macho. Kisu kilipita kwenye ganda la muhogo. Mwanamvua alimeza mate kabla ya kuanza kusema, jambo ambalo hakuwahi kulisikia. Na kushoto, nyuma kidogo, palikuwa na pumzi nzito ya taratibu, ya mtu aliyekaa karibu na anayempenda na wala hana haraka ya kuondoka.

"Labda hizi zina kasoro," alisema.

"Hedifoni haina neno, Injinia. Inasema kilichomo." Onesmo alimtazama vizuri usoni, akaacha utani. "Chukua. Kaa nazo wiki nzima, usikilize kwa kutulia."

Mwinyimadi alikuwa mkuu wa kitengo cha ubora katika kiwanda kimoja cha Zegereni, na kwa miaka kumi na tisa mkate wake ulitokana na kupima. Jumatatu alirudi nyumbani saa kumi alasiri, akaketi kwenye kochi, akavaa hedifoni. Kabla ya kubonyeza alitazama kioo cha simu. Dakika nne na sekunde kumi na tisa. Aliitazama tarakimu ile kwa muda, akajiambia kwamba kumbukumbu ya mfiwa si kipimo cha kutegemewa, akasikiliza. Baada ya "zima basi" alikuwa akitegemea ukimya. Akasikia nyayo pekupeku zikivuka sakafu ya saruji.

Jumanne zilikuwa dakika nne na sekunde thelathini na moja. Nyayo zilikwenda jikoni, zikarudi, pazia likavutwa. Sauti ya Mwanamvua ilikuwa imesogea mbali, kana kwamba anamenya mihogo chumba cha pili. Sponji ya hedifoni ilinuka udi.

Jumatano zilizidi dakika tano, na katika ule urefu mpya alisikia mngurumo ambao aliutambua mara moja, akakaa muda mrefu akitafuta namna ya kutoutambua. Ulikuwa mngurumo wa friji yake. Friji ile aliinunua mwezi wa tano, miezi miwili baada ya mazishi.

Alhamisi alijiambia hatasikiliza, na saa kumi ilipofika alikuwa ameshakaa, kwa kuwa nyumba ilikuwa tupu na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akimsubiri. Akabonyeza, na Mwanamvua alikuwa mbali kiasi kwamba habari za kuku zilimfikia vipande vipande kama sauti ya mtu wa ng'ambo ya bonde, kisha akacheka, kisha nyayo zikaanza, zikaenda chumbani, zikafungua kabati la nguo za mkewe, zikatoka, zikaingia jikoni ambako friji ilinguruma, zikarudi sebuleni, zikapita nyuma ya kochi, zikasimama, na hapo, chini ya ile pumzi nzito ya kushoto, akasikia pumzi ya pili, ya haraka, ya mtu anayejizuia kulia, na ilimchukua muda kuelewa kwamba hiyo ya pili ilikuwa yake mwenyewe, na kwamba kilichokuwa kikiisikiliza kilikuwa kimeinama juu ya bega lake.

Hakugeuka. Jua lilikuwa limejaa chumbani, na watoto wa jirani walikuwa wakicheza nje. Alitoka akiwa peku, akakaa kwenye ngazi mpaka adhana ya Magharibi.

Ijumaa, baada ya sala, alifika Kisarawe kwa mama mkwe wake, Bi Hajira. Alikaa mwisho wa mkeka, kama inavyompasa mkwe, macho yake kwenye nyuzi za ukindu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Alieleza kila kitu kwa mpangilio, pamoja na dakika na sekunde. Bi Hajira hakushangaa. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi na kushusha sauti.

"Mwanamvua alikuwa kiti cha jini. Tangu mwali. Alimrithi huyo bwana kwa bibi yake. Hakuwa mkorofi, udi wake wa Alhamisi, marashi yake, basi."

Mwinyimadi aliukumbuka udi wa Alhamisi. Miaka yote alidhani ni wa kufukuza mbu.

"Mbona sikuambiwa?"

"Mkwe haambiwi mambo hayo. Na wewe msomi, alikuonea haya. Alipofariki, siku ya tatu ya matanga, nilikuja na chetezo changu nimwarifu huyo bwana. Nani alinizuia mlangoni?"

Mwinyimadi alilikumbuka neno lake la siku ile. *Mama, nyumbani kwangu hapafanywi uganga.* Alilisema kwa upole, lakini alilisema.

"Basi hajui," Bi Hajira alinong'ona. "Jini haoni kaburi, baba. Anajua sauti. Wewe kila siku saa kumi unamfungulia sauti ya mkewe, anakuja mbio, anatafuta, hamwoni."

"Mkewe?" Neno lile lilimuuma kuliko hofu yenyewe.

"Mume mwenzio. Alikutangulia. Sasa anamtafuta humo humo ndani ya hiyo sauti. Akichoka kutafuta ataondoka nayo, au atakukalia wewe. Aliyevunjikiwa kiti hutafuta kingine."

"Tufanyeje?"

"Umwambie kwa kinywa chako kwamba amekufa. Mara tatu. Halafu hiyo sauti uifute. Ikibaki, atajua unamdanganya."

Mwinyimadi aliendelea kutazama ukindu. Msibani alisema "ametutoka". Kazini alisema "hatunaye tena". Neno lile alilotakiwa alitamke hakuwahi kulitamka.

Jumamosi mchana Bi Hajira aliweka chetezo katikati ya sebule ya Visiga, akatia udi juu ya makaa. Moshi ulipanda wima, kisha ukapinda kuelekea kochi bila upepo wowote.

"Sema."

"Mwanamvua amekufa."

Hakuna kilichotokea.

"Tena, baba."

"Mwanamvua amekufa." Friji ilinyamaza.

Mara ya tatu alisema kwa nguvu, na alipomaliza, mto wa kochi upande wa kushoto ulididimia polepole, kama vile mtu mzima anavyoketi akipewa habari asiyoweza kuipokea amesimama. Haukuinuka.

"Amesikia," Bi Hajira alisema, jasho likimtiririka. "Futa sasa. Fanya upesi."

Mwinyimadi alitoa simu. Kidole chake kilisimama juu ya jina la mkewe. Aliusikiliza ukimya wa nyumba ile, akauona utakavyokuwa kesho na keshokutwa, na miaka ya mbele. Akashusha kidole chini kidogo, akafuta mlio wa kupimia spika ambao hakuuhitaji.

"Nimefuta, mama."

"Vitu vyenu hivyo mimi sivijui. Nakuamini wewe." Alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mungu akulinde, mwanangu."

Alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi, mto wa kochi ulikuwa bado umedidimia. Bi Hajira alikuwa hajafika hata hatua mia, angeweza kumwita. Alifunga mlango kwa komeo, akaketi upande wa kulia, akavaa hedifoni.

Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Mwanamvua alikuwa amerudi katikati, karibu kabisa, karibu kuliko siku ile yenyewe. Kisu, ganda, kuku wa jirani. Hapakuwa na pumzi wala nyayo. Machozi yalimtoka Mwinyimadi kwa shukrani, akayaacha. "Zima basi, umeshapata," mkewe alisema akicheka, na tarakimu kwenye kioo zikafika mwisho, zikasimama.

Kisha, katika sikio la kushoto, ikasema sauti ya mwanaume ambayo hakuwahi kuisikia, ya kizee, iliyokwaruzwa na kilio, ya upole kama ya mgeni anayeomba jambo katika nyumba ya mwenzake:

"Rudia."

Mwinyimadi akarudia.