Viatu vya Selestine

Desemba 1994 kwaya ya kigango chetu pale Mpanda ilialikwa na parokia rafiki huko Ujerumani. Mjomba wangu Selestine, mwimbaji wa sauti ya nne, alikuwemo. Ya safari nilisimuliwa na mwanakwaya mwenzake, Theopista. Mwisho wake niliuona mwenyewe.

Mwanzo ilikuwa raha tupu. Walizunguka miji ya kale yenye vichochoro vya mawe, wakala soseji za moto kwenye soko la Krismasi. Nuremberg walisimama saa sita mchana kuangalia saa ya kanisa: sanamu saba za wanaume zikatoka mlangoni, zikamzunguka mfalme wao, zikarudi ndani. Mjomba alicheka. "Kumbe hata hawa wana zamu!"

Tarehe tano wakafika Regensburg, mkesha wa Mtakatifu Nikolasi. Mama mwenyeji wao akawaeleza desturi: jioni unaacha viatu nje ya mlango, asubuhi unakuta zawadi. Watoto wakaacha. Wageni nao, kwa kicheko, wakaacha.

Asubuhi viatu vya Theopista vilijaa karanga na machungwa. Vya Mjomba vilijaa majivu. Yalikuwa bado ya moto.

"Nani kafanya utani huu?"

Mama mwenyeji akatikisa kichwa. Kwenye theluji mbele ya mlango kulikuwa na nyayo za mtu mmoja. Peku. Ndogo. Zilikuja. Hazikuondoka.

Mchana, katikati ya soko, Mjomba alimshika Theopista mkono.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Anasema, 'Shemeji, viatu vyangu.'"

Hapo akatapika yote. Miaka mitatu nyuma kaka yake alifariki kule Mwese. Mjomba alilitaka shamba, akamtangaza mjane, Dorotea, kuwa mchawi, akaongoza vijana kuchoma nyumba. Dorotea aliomba, "Shemeji, niache hata nivae viatu." Mjomba akamsukuma nje. Mama yule alitembea peku milimani, mvua inanyesha, akielekea kwa ndugu zake Mishamo. Walimkuta njiani, amekufa kwa baridi.

"Mrudishie binti yake shamba," Theopista alimnong'oneza.

"Nitarudisha."

Hakurudisha. Alirudi Mpanda, akaendelea kulilima.

Lakini miguu yake haikupata joto tena. Oktoba iliyofuata, jua linapasua ardhi, yeye alivaa soksi tatu, miguu juu ya jiko la mkaa. Vidole vikawa vyeusi. Daktari akamuuliza alitembea wapi kwenye barafu.

Marsela, binti wa Dorotea, alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, akaiangalia ile miguu.

"Baba mdogo," alisema taratibu, "mama anasema bado kidogo."

Akaondoka.

Jumapili asubuhi tulimkuta Mjomba kitandani. Amekufa. Macho wazi. Sakafuni, kwenye saruji, kulikuwa na alama za maji kutoka kitandani mpaka mlangoni. Mistari miwili. Mbele, alama za viatu vya Mjomba, kwa hatua fupi fupi za mwanamke. Nyuma, nyayo za mwanaume. Peku. Zinaburuta.

Shamba tulimkabidhi Marsela kabla ya maziko. Tukapiga deki. Tukamwaga mchanga, tukafagia.

Tumeanua matanga, kiangazi kimepita, kingine kimekuja. Alama zile hazijakauka. Ukiweka kiganja juu yake, kinakufa ganzi.