Mkuu wa Ngome ya Kaskazini

Aliyenieleza kwanza jambo hili ni Bibi Kim-hua, muuza ubani wa sokoni kwetu Huwei. Jioni ile mama mkwe alinituma ubani na pesa za karatasi za kuchomea wafu. Mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, ambao wafu hutembea, ulikuwa umeingia, na kesho yake ilikuwa zamu ya mtaa wetu kuwaandalia meza ndugu wema. Ndivyo tunavyowaita wafu wasio na mtu wa kuwalisha. Kuwataja waziwazi hatuthubutu.

"Mtoto hajambo?" akauliza Bibi.

"Anakula kama mbeba zege, Bibi. Lakini anazidi kukonda. Daktari haoni kitu."

Akaacha kufunga ubani. Akanisogelea na kuninong'oneza.

"Nani amemwita kwa jina lake kamili mwezi huu?"

"Hakuna. Sote tunamwita A-Suat."

"Yupo aliyemwita. Jua likizama, ndugu wema hutega masikio. Wakilisikia jina kamili, wanalo. Muulize mumeo."

Nilirudi nyumbani kwa haraka. Mlangoni nilipokewa na harufu... ya majivu, na ya farasi waliolowa. Mtaani kwetu hakuna mwenye farasi.

Mama mkwe alikuwa hekaluni. Mume wangu, A-Kok, alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta, kwenye ule mchezo wake wa vita vya zamani, wa mikuki na ngome. A-Suat alikuwa kwenye kigoda kando yake, akilamba bakuli tupu.

"Leo tunauteka mji wao mkuu!" A-Kok akaniambia bila kugeuka. "Wameizingira ngome yangu ya kaskazini. Nimewanyima chakula walio ndani, makusudi. Wakijikaza kwa njaa, adui anabaki pale pale. Sisi tunapita nyuma."

Ngoma ikalia kwenye spika.

Dum... dum...

Kumbe ndani ya mchezo nako jua lilikuwa linazama, na askari wa ngome walikuwa wakihesabiwa. Sauti kavu ilitaja majina. Waliojibu walikuwa wachache.

"Mkuu wa ngome, Kang Bi-suat."

"Nipo," akajibu mwanangu.

Hakuinua hata kichwa.

Ubani ukanidondoka. "A-Kok... nani alimpa mkuu wa ngome jina kamili la mwanetu?"

"Mimi. Jina la bahati hilo! Mchezo tu."

"Mwezi wa saba?"

Akacheka. Lakini nilimwona akifuta viganja kwenye kaptula.

Nikatazama kioo cha kompyuta. Askari walikuwa wameketi chini ya ukuta, mifupa mitupu. Katikati yao palikuwa na mmoja mdogo, amezama ndani ya vazi la chuma. A-Suat akalamba bakuli lake.

Yule mdogo akalamba la kwake.

"Lifute," nikanong'ona.

"Vita vikishaanza halifutiki."

"Basi wapelekee mchele."

"Itabidi nirudishe jeshi zima! Wenzangu wamejiandaa tangu masika kwa ajili ya leo."

Spika ikapiga kelele; alikuwa mmoja wa wenzake wa mchezo: "We A-Kok! Mkeo amekukalia kichwani? Shambulia!"

Sijawahi kupaza sauti katika nyumba ile. Hata jioni ile sikuweza. Nilimwinua A-Suat, nikamweka mapajani pa baba yake.

"Mshike," nikasema. "Mshike tu."

A-Kok akamshika mgongo. Vidole vyake vikapita juu ya mbavu, moja baada ya nyingine, kisha vikasimama. Hakucheka tena. Akaligeuza jeshi.

"Msaliti!" spika ikafoka. "Nenda kanyonyeshe mtoto!"

Magari ya mchele yalikwenda polepole, mengine yakiwaka moto. Mtoto alikuwa akihema juu juu. Lango la ngome likafunguka. Gari moja likaingia... la pili...

Sebuleni kukanukia wali wa moto. Jikoni kwangu hapakuwa na kitu.

"Mama," akasema A-Suat, "nimeshiba."

Tangu mwezi uingie hakuwa amelisema neno hilo. Nilimkumbatia. A-Kok akanyoosha mkono azime.

Dum... dum...

Wanahesabiwa tena.

"Mkuu wa ngome, Kang Bi-suat."

Nilimziba mwanangu mdomo kwa kiganja. Nikakaza. Midomo yake haikutikisika hata kidogo.

"Nipo."

Ilitoka kwenye spika. Ilikuwa sauti yake.

A-Kok akachomoa waya ukutani. Harufu ya farasi haikuondoka.

Asubuhi niliandaa meza mlangoni: wali, samaki wa kopo, mapera. Kati ya mabakuli ya ndugu wema niliweka lile dogo la A-Suat, nikalijaza mpaka juu. Kisha tukaenda wote watatu ofisi ya usajili, kumbadilishia mtoto jina. A-Kok alitia sahihi.

"Mbona jina zuri hili?" akauliza karani, msichana mchangamfu. "Kwa nini mnaliacha?"

A-Kok akatazama viatu vyake.

"Lina mtu," nikasema.

Karani akadhani namtania, akacheka, akagonga muhuri.

Nilimbeba mwanangu hadi nje. Jina lake jipya sikulitamka. Mwezi ulikuwa haujaisha.