Tanuri la Theopista

Kila Jumamosi jumuiya yetu husali nyumbani kwa mmoja wetu, hapa Muleba karibu na ziwa. Baada ya sala tunazungumza mambo ya kijiji. Mimi, Privatus, ndiye mwenyekiti, na kusema ukweli napenda sana kusikilizwa.

Mwaka jana mvua zilichelewa. Mikungu ya ndizi ilitoka midogo. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba moshi huharibu hali ya hewa. Basi nikasimama nikasema, "Moshi wa kijiji hiki unatoka kwenye tanuri la Theopista!"

Theopista ni mjane. Alikuwa akikausha samaki kwa moshi na kuwauza. Alisema tu kwa kusihi, "Waitu, jamani, nitaishije?"

Nilikwenda kwake nikalibomoa tanuri kwa jembe. Watu wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Tangu hapo Theopista akawa kibarua. Alipalilia vibanja vya migomba vya watu, hata changu.

Mwezi uliopita Yuster, afisa ugani wetu, alikuja kunitembelea. Nilikuwa naanika kahawa kwenye turubai. Theopista alikuwa akipalilia karibu. Nikamweleza Yuster jinsi nilivyokomesha moshi kijijini. Hakunisifu. Alichuchumaa, akahesabu punje mia za kahawa.

"Mzee, chukulia hizi mia kuwa hewa ya ukaa yote inayotoka duniani kwenye mafuta, gesi na makaa ya mawe. Hiyo ndiyo inayoongeza joto na kuvuruga mvua. Nitengee fungu la Afrika."

Nikatenga arobaini.

Yuster akarudisha thelathini na sita. "Afrika nzima ni kama nne."

"Nne? Na wingi wetu huu?"

"Kati ya watu mia duniani, Waafrika ni kama kumi na wanane. Lakini fungu letu ni hilo. China ni kama thelathini na mbili. Marekani kama kumi na tatu, ila Mmarekani mmoja huchafua kama Watanzania hamsini."

"Na Tanzania?"

"Haijazi hata punje moja."

"Na moshi wa kuni?"

"Haumo katika hesabu hii. Lakini hata ungekuwemo, tanuri moja haliwezi kuzuia mvua, Mzee."

Theopista alikuwa anasikia yote. Hakuinua kichwa, aliendelea kupalilia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimemnyang'anya mjane riziki yake kwa kosa la watu wa mbali.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza.

"Moshi ule ulimuumiza yeye mwenyewe macho na kifua," Yuster akasema. "Na kuni zinamaliza miti yetu. Mjengee tanuri la matofali lenye bomba la kutolea moshi. Litatumia kuni kidogo."

Nilibeba matofali mwenyewe. Nilijenga siku tatu, Yuster akinielekeza. Sasa Theopista anatumia nusu ya kuni za zamani, wala hakohoi. Samaki wake wanaisha kabla ya saa sita.

Jumamosi nilisimama mbele ya jumuiya. "Nilimsingizia Theopista," nikasema. "Sikujua, na sikuuliza. Naomba radhi."

Kisha Theopista akasimama.

"Tanuri nimelipokea, Mzee, na radhi nimeipokea. Ila magugu ya kibanja chako, kuanzia leo, utayapalilia mwenyewe."