Aliyekuwa Karibu na Mlango

Mikono miwili ililishika gauni moja kwenye meza ya mitumba, soko la Tandika. Mmoja ulikuwa wa Auleria, mwalimu wa Kinondoni, aliyependeza kwa blauzi nyeupe na sketi ya kitenge cha manjano. Mwingine ulikuwa wa Romani, fundi seremala wa Keko, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Kaka, hili ni la kike."

"Najua, dada. Namnunulia shujaa wangu."

Auleria alicheka. "Shujaa anavaa gauni la maua?"

"Wangu anavaa."

Auleria akaliachia gauni, ila namba ya simu akatoa.

Miezi mitatu ikapita kwa simu za "umekula, mpenzi?" na chipsi za Sinza. Lakini kila Jumapili mchana simu ya Romani ilikuwa haipatikani. Akiulizwa, jibu ni lile lile: "Nilikuwa kwa shujaa wangu." Utani ukaanza kumchoma Auleria. Jumapili moja asubuhi akampigia kabla hajazima.

"Leo nipeleke kwa huyo mwanamke wako. Usiponipeleka nafuta namba yako."

"Njoo Kiwalani, mama. Nitakuelekeza."

Alifika akiwa amejiandaa kwa ugomvi. Uani alimkuta Romani amekunja suruali, anafua nguo za kike kwenye beseni. Mkekani alikaa mama mtu mzima, miguu imevimba, anachagua kunde.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Auleria? Anakutaja mpaka nachoka! Mie Somoe. Kaa."

Ugomvi ukamwishia mdomoni. Akakaa. "Romani anasema wewe ni shujaa wake."

"Anakuza mambo huyo. Nilikuwa napika uji kwenye chekechea ya bondeni. Siku moja maji yakaingia ghafla, watoto tisa wamepanda juu ya meza. Nikawatoa."

"Unajua kuogelea?"

"Mie? Nilikuwaga naogopa hata pipa la maji. Nilishika ukuta tu, maji shingoni, nabeba wawili wawili. Mara ya tano nikamtoa Mwanaisha, peke yake."

"Mwanaisha ni nani?"

"Mwanangu wa kumzaa."

Ndege ilipita juu ya mabati ikielekea kutua, Auleria asiisikie. "Mbona hukuanza na yeye?"

Bi Somoe alimshangaa, kana kwamba swali lenyewe halina maana. "Wote walikuwa wananiita mama. Nilichukua aliyekuwa karibu na mlango. Mwanaisha alikuwa nyuma kabisa." Akaendelea na kunde zake. "Sasa yuko Tunduru, ana watoto wanne. Mvua ikinyesha ananipigia, ananilaumu mpaka leo."

"Mie ndiye niliyekuwa karibu na mlango," alisema Romani bila kuinua kichwa.

Auleria aliitazama mikono ile yenye mishipa, ikichagua kunde. Ukutani darasani kwake alikuwa amebandika picha za wakubwa na matajiri, akiwafundisha watoto kuwataja kwa majina. Alijiona mdogo sana, na hakuumia kujiona hivyo.

Akavua viatu, akachuchumaa kando ya beseni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikianza kusimulia, sauti inakata."

"Mie nikajua una mwanamke."

"Ninaye. Amenuna tangu juzi."

Auleria akamrushia povu. Kisha akatulia. "Romani, unakuja lini kwetu kujitambulisha?"

Sabuni ilimponyoka Romani, ikazama. Alifungua mdomo, sauti ikagoma.

"Mwezi huu huu," Bi Somoe akamjibia kutoka mkekani. "Na mie nakuja. Atapelekwaje ukweni bila mama?"