Mdomo wa Bwana Mkubwa

Kila alasiri binti wa mshonaji alifungua mlango, akasema, "Nimerudi," na hapakuwa na wa kumlaki ila paka. Mama yake alishinda kiwandani akishona sare; akirejea alikuwa hoi, hana la ziada ila kula na kulala. Shuleni walimbandika jina la Kimya. Paka aliitwa Bwana Mkubwa, kwa jinsi alivyokalia kiti kizuri kuliko vyote kana kwamba ndiye aliyekinunua.

Siku hiyo Bwana Mkubwa hakuja mlangoni. Alijikunyata chini ya meza, mdomo wa chini umevimba, mate yanamchuruzika. Chakula chake hakikuguswa katika kopo la plastiki lililojaa mikwaruzo.

Kimya aliikumbuka kauli ya mama: "Siku paka huyo akiugua, anahama." Basi akaamua kumtibu kwa siri. Alimega kidonge cha maumivu ambacho mama hunywa kichwa kinapomgonga, akakisaga, akamnywesha kwa kijiko. Jua lilipoanza kushuka, paka alilegea na kuhema kwa shida. Kimya akamtia kikapuni, mbio hadi kwa daktari wa mifugo, mtaa wa pili.

"Umempa dawa yoyote, mwanangu?"

"Hapana, daktari."

Daktari alimfunua paka ufizi. Ulikuwa na rangi ya matope.

"Mdomo huweza kuvimba kwa nyuki, kwa jino bovu, hata kwa chombo anacholia chakula. Lakini hayo hayaubadilishi ufizi hivi. Nisipojua alichomeza, nitatibu kwa kubahatisha. Nikikosea, ndiyo basi."

Kimya akisema, mama atajua, na paka atafukuzwa. Asiposema, paka atafia mezani pale.

"Nimempa kidonge cha mama, cha maumivu. Nimekudanganya."

Daktari hakumkaripia; hakuwa na muda huo. Alichukua dawa kabatini, akamdunga paka, kisha akampigia mama simu kwa namba aliyopewa na Kimya.

Mama aliwasili na nyuzi zingali zimemganda nguoni. Paka alikuwa amelazwa, anapumua vizuri zaidi.

"Atapona," daktari alisema. "Kidonge kile kwetu ni dawa, kwa paka ni sumu, hata chembe. Na mdomo umeumizwa na lile kopo la plastiki ambalo binti yako ameniambia analia chakula. Mikwaruzo ya plastiki hutunza uchafu. Mpeni bakuli la chuma, lioshwe kila siku. Akivimba tena, mleteni kwangu kabla ya kumpa chochote."

Mama alimgeukia bintiye. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema atahama. Nami nitabaki na nani?"

Mama akamvuta karibu.

"Nililisema lile kwa uchovu, nami nalifuta. Lakini nawe shika hili, mwanangu: ukweli ulioutoa mwisho ndio uliomwokoa. Ungeutoa mwanzo, asingeteseka."

Kimya akatikisa kichwa kukubali, na kwa mara ya kwanza siku ile akalia.