Vitabu Chini ya Kabati

Ndugu zangu wa Mbinga, leo nasema kwa hasira, mnivumilie. Mteremko wa Ignatio kule Matiri mlikuwa mnauona: ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu Wamatengo, yamejipanga mpaka bondeni, na maharage yametoa maua. Jumapili wakitoka kanisani, yeye na mkewe Winifrida walikaa nje wakila viazi, hawana neno na mtu.

Akaja Serafina, dada yake Ignatio, mwalimu huko Mbamba Bay, na vitabu viwili. Kimoja ni historia ya wazee wetu waliokimbilia milimani wakati wa vita, wakalima ngolo ili mteremko uwalishe. Kingine ni riwaya ya mwanamke aliyevushwa ziwa akauzwe utumwani. Akamsihi kaka yake avisome pamoja na bintiye, Luisa.

Ignatio akacheka. "Historia ya mtu mweusi ina nini zaidi ya minyororo na jembe?"

Luisa atanunuliwa vitabu vya wafalme wa Ulaya, akasema. Vile viwili akavisukumiza chini ya kabati lililokuwa likiyumba. Jamani! Babu zako unawafanya kabari?

Msimu uliofuata akatangaza kwamba ngolo ni ushamba. Akasawazisha mashimo yote, akachora matuta marefu yanayoshuka moja kwa moja bondeni, eti kilimo cha kisasa. Winifrida alimwonya kwamba anayatengenezea maji njia. Akaambiwa anyamaze.

Mvua ikaja kweli. Udongo na maharage vikaishia mtoni, pakabaki mawe matupu. Na shamba lao lilikuwa hilo hilo.

Luisa akaichomoa ile historia chini ya kabati, akamsomea baba yake palipoeleza jinsi mashimo yanavyokamata maji na udongo usiondoke. Ignatio akamwomba aache, imetosha.

"Baba," Luisa akasema, "kitabu hiki kilikuwa humu humu ndani."

Leo Ignatio anakata nyasi kwenye ngolo za wenzake ili wanawe wapate ugali.

Funzo

Mwacha asili ni mtumwa. Tusome historia za watu weusi tujue wazee walifanya nini, na riwaya zao tujue waliumia vipi na walipendana vipi. Tuwasomee watoto, tuazimane majirani. Nawe unayetikisa kichwa ukimcheka Ignatio, nenda kwanza kaangalie kabati lako limesimama juu ya nini.